Kirangozi wa Mvua ya Aprili

Kila asubuhi Bertila aliamka chini ya mbingu mbili. Ya kwanza ilikuwa hii ya Isevya, mjini Tabora, aliyoiona kupitia dirisha la chumba chake: bati la jirani, kamba ya kuanikia nguo, na madumu ya asali ambayo mama yake, Leonia, aliyapanga ukutani kila mzigo ulipoingia kutoka Sikonge. Ya pili ilikuwa mbali, juu ya ufukwe wa mashariki wa Unguja, nayo ilimfikia kwa sauti ya Shamila kwenye simu.

"Shoga, umeamka? Leo kweupe. Kaskazi imeanza kuchoka. Maji yametoka mbali, yaani wanawake wa mwani nawaona wadogo kama sisimizi. Kuna wingu moja tu, limekaa kama mtu aliyekosea nyumba."

Bertila aliusikiliza ujumbe huo akiwa bado kitandani, macho yamefumbwa, kisha akausikiliza tena. Baadaye alijifunga kitenge, akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akaanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu kidogo, na mtaani hakuna aliyeielewa vizuri. Shamila alisoma naye chuoni Dodoma, kisha akarithi kwa shangazi yake nyumba ndogo ya wageni, vyumba vichache vya makuti vinavyotazama bahari. Alijua kupokea watu, kuwachekesha na kuwalisha. Kuandika kulimchosha. Bertila, ambaye darasani alikaa siku zote upande wa ukuta na ambaye wahadhiri walimaliza miaka mitatu bila kuijua sauti yake, alipenda kuandika kuliko kusema. Basi maswali ya wageni yote yakaletwa Tabora.

Na wageni, watokee nchi gani, waliuliza jambo lile lile. Tuje lini? Mvua itatunyeshea? Bertila aliwajibu kwa subira, kila mmoja kama ndiye wa kwanza kuuliza. Januari na Februari ni joto na jua kali, bahari imetulia. Machi mwishoni masika huingia, huchukua Aprili yote na kumega Mei. Juni huja kipupwe na upepo wa kusi, jioni utataka shuka. Novemba ni vuli, mvua fupi za kuosha vumbi, usiziogope. Aliyajua haya kwa kusoma rekodi za miaka mingi, na kwa sauti ya Shamila. Wageni walimwandikia kumshukuru. Mmoja alisema kwamba akisoma majibu yake anasikia chumvi mdomoni.

Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kuiona bahari. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona Bertila yalikuwa bwawa la Igombe, siku walipopelekwa na shule.

Lakini kichwani mwake bahari ilikuwepo, na haikukaa mahali pake. Alipokuwa akiosha vyombo uani, maji yalianza kujaa taratibu kutoka upande wa barabara, yakapita chini ya geti, yakazunguka madumu ya asali, yakainua kandambili za mama yake na kuzielekeza mlangoni. Yalikuwa ya buluu, hayana kelele, na jua lilicheza juu yake.

"Wewe Bertila," mama yake aliita, "hiyo sahani unaiosha au unaibembeleza?"

Maji yakatoka, ua ukabaki ua.

Pengine bahari hiyo aliirithi. Upande wa mama yake kulikuwa na mzee wa zamani sana, babu wa babu, aliyebeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora hadi pwani, na kurudi na mizigo ya nguo na shanga. Jina lake lilisahaulika nusu, watu walimwita Ngollo tu. Katika safari zote hizo, neno moja la kwake ndilo lililofika hadi kwa wajukuu: kwamba upepo wa huko una maji, kama nguo iliyokamuliwa ikapungwa usoni. Hayo tu. Mtu akatembea miezi, akafika mwisho wa nchi, akarudi na upepo. Bertila aliliweka neno hilo katika majibu yake kwa wageni, nao walilipenda.

*

Mama yake wa ubatizo, Martha, alikuwa mkulima wa tumbaku Usoke pamoja na mumewe, Raymundi. Siku moja ya Februari alikuja mjini kwa daktari wa meno, akapita Isevya, na mvua ikamfungia hapo. Ilipiga bati mpaka watu wakawa wanasemezana kwa kupaza sauti. Martha alikaa jikoni akimenya karanga na Leonia, shavu moja limevimba.

"Shikamoo mama," Bertila alisema akiingia na ndoo.

"Marahaba mwanangu. Njoo hapa wewe unayelala na bahari kwenye simu. Nina swali."

"Uliza mama."

"Mwaka huu mimi na baba yako tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Watoto wameuliza tunataka sherehe gani. Baba yako akasema ng'ombe. Mimi nimesema bahari."

Leonia akacheka. "Bahari inaliwa?"

"Cheka tu. Leonia, mimi nimetazama moshi wa bani, banda la kukaushia tumbaku, tangu nikiwa binti. Nimekausha mpaka macho yamekuwa kama ya samaki wa kuchoma. Nataka siku ya jubilei nisimame ndani ya bahari, jua linawaka, nitazame maji mpaka nichoke mwenyewe." Akamgeukia Bertila. "Tulifunga ndoa mwisho wa Aprili. Sasa niambie. Siku hizo huko kuna jua? Kama hakuna tutangoja hadi Agosti, Mungu hatakasirika. Lakini jua nalitaka."

Bertila alitua ndoo. Nje, mvua ilikuwa imeanza kupungua, na harufu ya udongo wa Tabora ikaingia jikoni, harufu ya kifuku, msimu wa mvua wa bara, kilicho katikati. Akafikiria mwisho wa Aprili. Aliuona kabisa: Pasaka imepita, mbingu imepanda juu na kuwa safi, njia za Sikonge zimekauka, baiskeli zinapita tena na asali, tumbaku yote imeingia banini. Mvua imeaga.

"Mwisho wa Aprili ni vizuri mama," alisema. "Mvua zinakuwa zimeshaaga. Jua litakuwepo."

Martha akampiga begani kwa furaha hadi karanga zikamwagika.

*

Alijua kosa lake katikati ya Aprili, na aliyemjulisha alikuwa Adinani.

Adinani alikuwa mpishi wa Shamila, Mzaramo wa Kisarawe aliyeoa Unguja akasahau kurudi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Adinani hakuacha utani huo ulale hata siku moja. Asubuhi hiyo Shamila alikuwa sokoni, basi simu aliipokea yeye.

"Nani? Aa, Mnyamwezi! Umetua mzigo au bado uko njiani?"

"Nimetua, nimeukalia, namsubiri Mzaramo aje kuubeba," Bertila alijibu. Kwa Adinani peke yake aibu yake ilimtoka. "Nataka kujua kama chumba cha wazee wangu kimeandaliwa. Wiki ijayo wanakuja."

"Wazee gani?"

"Wa Usoke. Wa jubilei. Mama anataka kusimama baharini, jua linawaka."

Upande wa pili kikalipuka kicheko kilichomfanya aiondoe simu sikioni.

"Jua! Mwisho wa Aprili! Mtani, wewe umelogwa? Huku masika yametukalia kichwani, kuku wangu wamejifunza kuogelea. Waambie waje na mapezi! Nani aliyewadanganya?"

Adinani aliendelea kucheka peke yake, kisha akaacha. "Mtani? Upo?"

Siku zote hizo sauti ya Shamila ilikuwa ikimwambia: leo imenyesha, leo imenyesha tena, shoga nguo hazikauki. Naye aliisikia, akawaandikia wageni, akawashauri wahamishe safari. Mama mmoja wa mbali alimwandikia wiki ile ile akiuliza kuhusu Aprili, naye alimjibu waziwazi: usije Aprili. Alimjibu hivyo akiwa amekaa kwenye kiti kile kile, hatua chache kutoka jikoni ambako Martha alimenya karanga. Mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwake. Yalikuwa kama watu wa mitaa miwili.

Leonia alimkuta ameegemea madumu, simu mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mama. Nakwenda Usoke."

*

Alimkuta Raymundi mlangoni pa ghala akipanga majani ya tumbaku kwa madaraja, meupe kando, ya kahawia kando. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye tabia ya kuongea na majani kama na watoto wazembe. Baada ya shikamoo alimwelekeza ndani kwa kidevu.

"Mama yako anajipima gauni. Ukimwambia halijampendeza, mimi sikukutuma."

Martha alisimama katikati ya sebule. Gauni lilikuwa la buluu, refu, lenye mikono ya kupuliza na utepe mweupe chini.

"Linafanana?" aliuliza.

"Na nini mama?"

"Na bahari, we mtoto! Si unaijua wewe?"

Bertila alikuwa amejipangia maneno njia nzima. Yote yalimkimbia. Alisema tu, akitazama utepe: "Mama, kutakuwa na mvua. Nyingi. Mwisho wa Aprili huko ndiyo masika yenyewe. Nilikosea."

Martha hakuinua sauti. Alikaa kwenye kochi polepole, akaliweka gauni vizuri magotini lisikunjike.

"Wale wazungu wako nao umewaambia hivyo? Kwamba jua lipo?"

"Hapana mama. Wao niliwaambia wasije."

"Kwa hiyo wao uliwaambia kweli, mimi ukaniambia uongo."

"Si uongo mama." Machozi yalimjaa Bertila, na sauti yake ikawa ile ya darasani, ya kusikiwa na ukuta tu. "Wao niliwajibu kwa kusoma. Wewe ulipouliza, tulikuwa jikoni, mvua inanyesha, nikakujibu kama mtu wa nyumbani. Nilikupa Aprili ya hapa. Sikuwa na nyingine moyoni."

Raymundi alikuwa ameingia, jani la tumbaku bado mkononi. Nje kuku alipita akilalamika.

"Tusogeze," Raymundi alisema mwishowe. "Agosti."

"Nisogeze nini?" Martha alimrukia. "Jumapili kwaya imeniimbia. Padre amenimwagia maji ya baraka. Adelina yule wa jumuiya amelia mpaka kilemba kikaanguka. Sasa Jumapili ijayo nikae benchi lile lile niseme nini? Kwamba bahari imefungwa?"

"Basi twende."

"Kutazama mvua? Mvua ninayo hapa!"

Bertila alitamani ardhi ya Usoke impokee. Raymundi alilizungusha lile jani, akalinusa, akawaza.

"Babu yangu," alisema, "alikuwa kirangozi. Anakwenda mbele ya msafara na ngoma na bendera, wote wanamfuata yeye. Sasa siku kirangozi anapopoteza njia, unajua wanamfanya nini? Hawampigi. Hawamwachi porini. Wanamnyang'anya ngoma, wanampa mzigo mzito kuliko wote, anakwenda nyuma. Mpaka maji yaonekane."

Martha akamtazama mumewe, kisha Bertila. Kwa mara ya kwanza pembe ya mdomo wake ilitikisika.

"Mzigo wangu ni mzito," alisema.

"Mama?"

"Umesikia. Utakwenda na sisi. Nikinyeshewa, na wewe utanyeshewa. Na kikapu changu utakibeba wewe, tangu hapa hadi huko, na sitaki kusikia mtu akikusaidia."

*

Leonia aliongeza dumu la asali la kumpelekea Shamila, kwa sababu haiwezekani kwenda kwa watu mikono mitupu, na halikuwa dumu dogo. Bertila alibeba vyote viwili. Watu kituoni Usoke walimpokea dumu, Martha akawarudisha: "Mwacheni huyo. Yuko kwenye adhabu."

Treni ya zamani iliwatoa magharibi kwenda mashariki, ikipiga chuma chake taratibu. Tabora ikapita, Igalula ikapita na wauza mahindi ya kuchemsha wakikimbia sambamba na madirisha. Bertila alikaa kikapu mapajani, paji la uso kwenye kioo. Miombo ilikuwa ya kijani cha mwisho wa kifuku, na juu yake mbingu safi, kubwa, isiyo na wingu. Jua la mwisho wa Aprili, kama alivyoliahidi. Lilikuwepo. Lilikuwa hapa tu. Akaona kati ya miti watu wakitembea upande ule ule wa treni, mmoja nyuma ya mwingine, mabega yameinama, wa mwisho akiwa ameinama zaidi. Alipopepesa macho walikuwa vichuguu.

Dodoma walipanda treni ya umeme, ambayo Raymundi aliilaumu kwamba haimpi mtu nafasi ya kuijua nchi. Dar es Salaam mawingu yaliwapokea. Ndani ya boti mvua ilifunga madirisha yote, kukawa kweupe kote, na Martha akavuka bahari nzima bila kuiona.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Tuko juu yake mama."

"Hm."

Adinani aliwasubiri mlangoni na mwavuli uliovunjika mbavu. Alipomwona Bertila na dumu kichwani, maji yakimchuruzika, alipiga magoti kwenye tope kwa furaha.

"Jamani! Mtu na kazi yake! Miaka yote hii imepita na Mnyamwezi bado anabeba!"

"Nyamaza Mzaramo," Raymundi alimjibu papo hapo. "Babu zako walikuwa wamekaa hivyo hivyo, wanatuangalia tukifika na mali."

Wakakumbatiana kama ndugu waliopotezana. Shamila alimkumbatia Bertila pamoja na dumu lake, akimnong'oneza: "Shoga, pole. Haijakatika tangu juzi."

Haikukatika. Siku ya jubilei ilianza kijivu na kuendelea hivyo. Mvua ilishuka juu ya makuti kwa sauti laini, nzito, kama watu wengi wanaonong'ona pamoja. Martha alivaa gauni lake la buluu tangu asubuhi, akakaa barazani, mikono magotini, akitazama mbele. Mbele hapakuwa na kitu. Mchanga ulikwenda kidogo, kisha weupe. Bertila alisimama nyuma yake na kikapu. Bahari aliyoifahamu, ile ya buluu iliyokuwa ikijaa uani Isevya, haikuwepo popote.

Raymundi alikuwa akitembea barazani huku na huko, anahangaika.

"Adinani, hii inanyesha na kule baharini?"

"Kote mzee."

"Juu ya maji?"

"Sasa ataikataza nani?"

"Lakini kule hakuna kilichopandwa!" Raymundi alishika kichwa. "Novemba nzima tulisali tupate robo ya hii. Robo! Na huku inamwagwa kwenye maji!" Uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa, na Adinani, aliyefungua mdomo kumtania, akaufunga tena.

Ndipo Martha aliposimama. Alivua viatu, akavitia kikapuni kwa Bertila bila kumtazama.

"Sikuja kukaa kwenye baraza," alisema. "Baraza ninayo Usoke."

Akashuka ngazi akaingia mvuani na gauni lake. Raymundi akamfuata. Bertila akainua kikapu kichwani, akawafuata wote wawili, wa mwisho.

Maji yalikuwa yametoka mbali. Walitembea juu ya mchanga mgumu wenye mistari, mvua baridi ikiwapiga migongoni, nyumba ikatoweka nyuma yao. Hapakuwa na mbele wala nyuma, weupe tu, na sauti. Utepe wa gauni uliburuta mwani. Upepo ulikuja mmoja, mpana, ukampiga Bertila usoni kama nguo iliyokamuliwa, naye akasimama. Alikuwa ameliandika neno hilo mara ngapi. Hakuwa amejua kwamba lina harufu.

"Hoo!" Martha alipiga kelele.

Walimkimbilia. Alikuwa amesimama, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, mikono ameitanua.

"Ni ya moto!" alisema. "Raymundi, ingia! Ya moto kama ya kuogea!"

Raymundi aliingia, akaruka, akarudi, akaingia tena. Bertila naye aliingia. Mvua juu ilikuwa baridi, na chini bahari ilikuwa na joto, joto la mnyama aliyelala. Katika rekodi zote alizosoma, katika asubuhi zote za Shamila, hakuna aliyemwambia hilo. Shamila alizaliwa nalo, angewezaje kulikumbuka?

Martha aliendelea kwenda, maji magotini, gauni limeelea na kumzunguka. Mbele yake bahari na mvua vilikuwa kitu kimoja, na alisimama akikitazama. Alitazama kwa muda mrefu. Bertila alimngoja aseme chochote, akiwa tayari kwa lolote.

"Kule banini," Martha alisema bila kugeuka, "moshi ukiwa mwingi huwa hivi hivi. Huoni kitu. Ila macho yanauma." Akajifuta uso kwa kiganja. "Hapa hayaumi."

Hakusema kwamba amesamehe, wala kwamba jua halikuwa na maana. Baadaye, akinywa chai, angesema tena kwamba jua alilitaka, na Agosti moja lazima arudi. Lakini alikaa majini mpaka alipochoka mwenyewe, na hakuna aliyemwambia tutoke.

Alipogeuka, wote watatu walitazama walikotoka. Hakukuwa na ufukwe. Mvua ilikuwa imefuta nyumba, minazi, na alama za miguu yao.

"Haya," Raymundi alisema. Akanyoosha mikono akamtua Bertila kikapu kichwani, akakitia begani mwake. "Maji tumeyaona. Adhabu imekwisha. Tangulia, kirangozi."

"Baba, mimi sijui njia."

"Tunajua hujui," Martha alisema, na sasa alicheka waziwazi, meno nje, gauni limemnata. "Tangulia tu."

Bertila akageuza mgongo kwa bahari, akatanguliza mguu, akiupapasa mchanga kwa vidole, huku akiwasikia wawili nyuma yake wakigombana taratibu kuhusu viatu.